Fundo Kwenye Khanga Yako

Mama,

Shikamoo.

Najua hutaitikia, na sitaki mtu aje kuniambia kwamba maiti haamkiwi. Wewe mwenyewe ulinifundisha kuwa mdogo hutoa salamu yake, kuitikia ni juu ya mkubwa. Basi mimi yangu nimeitoa.

Nimekaa kwenye kizingiti cha mlango wa uani, pale ulipokuwa ukikaa kuchambua mchele. Ni adhuhuri, jua liko utosini, malori yanapiga honi njia panda kama kawaida ya Msata, na mdogo wako, Mama mdogo Tatu, yuko jikoni anagonga masufuria utadhani hana sababu. Keshokutwa nasafiri, Mama. Nakwenda Maskati. Mkataba nimeshautia saini, viza imetoka, na lile begi jeusi limejaa mpaka zipu inagoma. Sikuandikii kuomba ruhusa. Nakuandikia kwa sababu ukoo mzima unasema ulinikataza kwa kinywa chako kabla hujafa, na mimi nasema hukunikataza, na siku ile chumbani tulikuwa watatu tu.

Lakini kwanza habari za nyumbani, usije ukasema nimeruka mambo kama mtu asiyelelewa.

Kuku wako kishingo ameangua kumi na mmoja. Kunguru kachukua wawili. Wa tatu alikuwa anamnyemelea, nikamrushia ndala yako, ile ya kushoto, ikatua juu ya bati. Bado iko huko huko. Sijaiteremsha na sitaki mtu aiteremshe. Kule zahanati wameleta mhudumu mpya, msichana mzuri tu, ana adabu, ila anapiga deki kuanzia mlangoni kwenda ndani, mwisho anajikuta kabanwa pembeni na sakafu yote mbichi mbele yake. Juzi nilimkuta kasimama juu ya kigoda anangoja ikauke. Nilicheka peke yangu njia nzima. Nilipofika nyumbani nikaingia chumbani kwako, nikalia.

Na watu bado wanakuja. Hawaji kwa mlango wa mbele, wanazunguka uani kama ulivyowazoesha, na vidonda vyao na watoto wao wenye homa. Mzee Pazi analeta mguu wake kila Jumatatu. Wananiita mtoto wa Nesi. Mama, wewe hukuwa nesi hata siku moja! Ulikuwa mhudumu. Ulifagia, ulimwaga mabeseni, ulifua mashuka yenye damu za watu miaka yote ile, na watu wakikuita Nesi Saada hukuwasahihisha hata kidogo. Nilipoleta leseni yangu ya unesi uliishika kwa mikono miwili, ukaigeuza mbele na nyuma, ukainusa kama mtu anayenunua samaki, ukasema, "Haya, sasa na mimi nimekuwa nesi wa kweli." Sikuwahi kukuona na raha ile tangu Baba aende Ubena akaoe huko.

Unajua nilivyokuwa nikiishi. Mwaka na nusu nimejitolea wodini Bagamoyo, nasubiri ajira, kila nikiuliza naambiwa vuta subira. Mvumilivu hula mbivu, sawa, ila mimi naona hata mti wenyewe haujapandwa. Halafu moyo wako ukaanza kuchoka, maji yakajaa miguuni, nikatambua kwamba vitu nilivyofundishwa kuhusu moyo vinaisha haraka mno. Hospitali ya Maskati ina wodi nzima ya wagonjwa wa moyo. Niliiomba hiyo, sikuomba nyingine. Na wewe ulijua. Siku ya usaili ndiwe ulinishikia simu, umeegemea mito miwili, mkono unakutetemeka, mpaka wale watu wakauliza mbona picha inacheza. Uliniambia neno moja tu: "Jibu kwa sauti, usimung'unye." Mtu anayemkataza mwanawe hamshikii simu.

Ngoja nirudi nyuma kidogo, maana hapa ndipo penye neno lenyewe.

Unakumbuka dirisha la dawa za kifua kikuu? Nilikuwa darasa la nne. Nikitoka shule napitia zahanati, nakukuta umekaa na ndoo ya maji na kikombe, wagonjwa wamepanga mstari. Kazi uliyopewa ilikuwa kuwatazama wakimeza. Uliifanya kama umepewa nchi uitawale. "Fungua. Inua ulimi. Sema aaa." Wazee wenye ndevu nyeupe walikuwa wanainua ulimi mbele yako kama watoto. Na mimi uliniambia, "Mwana, mtu akishika dawa mkononi hajanywa. Akiitia mdomoni hajanywa. Usiondoke mpaka uone koo limeteremka." Usiondoke. Nililisikia neno hilo mpaka nikalichukia. Ulilisema nilipokuwa namnywesha dawa mbuzi. Ulilisema kwenye simu nilipoanza chuo, badala ya kuniuliza kama nimekula.

Sasa siku ile. Ilikuwa Alhamisi asubuhi. Nilikuwa nimeomba ruhusa wodini nije nikuuguze. Nilikupa vidonge vyako, vile vitatu vya kawaida na kile kidogo cheupe cha kutoa maji mwilini, nikakushika kichwa, nikakupa kikombe. Mama mdogo alikuwa pale pembeni anakunja nguo. Simu ikaita. Nikaona namba ya ile ofisi ya Dar inayoshughulikia safari. Ndani mtandao unakatika, unaujua, lazima utoke mpaka barabarani. Nikageuka. Ukasema, "Mwana, usiondoke." Sauti ilikuwa nzito, kama ya mtu mwenye kitu mdomoni. Nikasema, "Nakuja sasa hivi, Mama," nikatoka.

Niliondoka. Ndiyo. Niliondoka kabla sijaona koo.

Niliporudi nimepata kazi, nikakukumbatia, ukanipigapiga mgongoni, ukasema alhamdulillahi. Kinywa hakikuwa na kitu. Sikukwambia ufungue. Nani atamwambia Nesi Saada ainue ulimi? Tangu hapo ulikuwa na maneno machache, pumzi ilikuwa haitoshi, na Jumapili kabla ya adhana ya alasiri ukaenda zako.

Nilikuosha mimi na Mama mdogo na mwoshaji. Nilianza kukuosha miguu nikaona haijapungua hata kidogo, imevimba vile vile, ukibonyeza kidole kinaacha shimo. Nikasema moyoni, chumvi. Mama mdogo anamtilia chumvi kwenye mchuzi kwa siri. Nilikuwa nimemgombeza mara mbili wiki ile, nikamgombeza tena siku ya tatu ya matanga, mbele ya watu. Nilimwambia amekuua kwa kijiko. Alichukua ungo akaenda kupepeta.

Na huko sebuleni neno lako lilikuwa linatembea. Watu walimuuliza Mama mdogo, marehemu alimwachia mwanawe neno gani? Naye, masikini, akasema alichosikia: alimwambia Mwana usiondoke. Basi! Likatoka hapo likafika barazani kwa wanaume, lilipofika kwa Mjomba Shomari limeshavaa kanzu na kilemba, limekuwa wasia. Dada yangu kausia binti asitoke nchini. Kwetu unajua mjomba ndiye mwenye sauti, baba ni mgeni tu. Nikamwambia Mjomba, mbona Mama alijua safari toka mwanzo? Akasema mtu akikaribia kufa hufunuliwa mambo, hubadili. Unabishana vipi na mtu anayekwambia maiti alifunuliwa?

Akaongeza na lake. "Wazee wetu walipelekwa Arabuni kwa minyororo. Wewe unakwenda kwa miguu yako, tena umekatiwa tiketi!" Watu wakaguna. Nilimwambia, "Mjomba, wao hawakuulizwa. Mimi nimeulizwa, nikajibu. Mkataba nimeusoma kurasa zote, na pasipoti yangu haishiki mtu." Alinitazama kama kuku kamjibu kwa Kiswahili. Lakini Mama, nisikufiche, usiku ule na siku zilizofuata lile neno lilinikaa kooni. Nilikuwa nafua, nalisikia. Nilikuwa naswali, nalisikia. Nikajiuliza, je, kama kweli? Kama ulikuwa unaniomba nibaki, nami nikakujibu nakuja sasa hivi?

Arobaini ikafika. Tukasoma khitma, watu wakala, kesho yake tukafungua sanduku kugawa nguo zako. Nikaomba niachiwe ile khanga ya buluu uliyokuwa ukijifunika kitandani, yenye maandishi ya Wastara Haumbuki. Nikaikunjua niinuse. Pindoni pana fundo, gumu, limefungwa mara mbili. Nikadhani umeweka pesa za mchango wa msiba wa mtu, tabia yako. Nikalifungua kwa meno.

Vidonge tisa. Vidogo, vyeupe. Vya maji vitupu. Vile vingine vyote ulimeza, hivi tu ndivyo ulivyoficha. Vingine vilikuwa vimeanza kuyeyuka kidogo pembeni, vikakauka tena na uzi wa khanga umenata. Vilishaingia mdomoni mwako, vikatoka.

Mama, nilikasirika. Sikuwahi kukukasirikia hivyo ulipokuwa hai. Wewe! Malkia wa inua ulimi! Wewe uliyewakamata watu wa kifua kikuu wanaoficha dawa kwenye ufizi, ukawafukuzia mpaka sokoni na kikombe cha maji! Ukanidanganya mimi, mwanao, nesi wako uliyeinusa leseni yake. Nilikaa kitandani kwako na vile vidonge kiganjani nikasema kwa sauti, "Mama, kwa nini?" Mama mdogo akachungulia. Nikafumba mkono. Akaondoka bila kuniuliza kitu, na mimi sikushangaa kwa nini hakuuliza.

Nikarudi Bagamoyo kumalizia zamu zangu. Wodini kulikuwa na mzee mmoja wa Vigwaza, miguu kama yako, vidonge vile vile. Siku ya pili nikamwona anameza haraka mno, kidevu juu, kama mtu anayetaka kuonekana anameza. Nikasimama pale. Nikasema, "Babu, fungua. Inua ulimi." Akatazama ukutani. Nikangoja. Akakitema kiganjani, kile cheupe kidogo, akaniambia polepole, "Mjukuu wangu, hiki kinanikojoza kila saa. Nani atanipeleka msalani, wewe? Mtoto wa kumzaa anishike mimi kiunoni? Heri nikae na miguu yangu minene."

Nikamwita kaka mmoja mhudumu, tukatafuta kopo lenye mfuniko, nikavuta pazia, nikamwambia babu kuanzia leo huyu ndiye mwenzio, mimi sitaona kitu. Akameza. Nikaona koo limeteremka. Halafu nikaingia stoo ya mashuka, nikakaa juu ya marobota, nikalia mpaka sista mkuu akaniletea maji.

Kumbe uliona haya.

Mama. Wewe uliyemwaga mabeseni ya wilaya nzima. Uliyewabeba wanaume wazima mgongoni kwenda chooni ukiwatania ili wasione aibu. Ukamwonea haya mwanao? Siku ile ya kwanza nilipokuletea beseni ukacheka, ukasema utakwenda mwenyewe, ukaenda ukishika ukuta, ukarudi jasho linakutoka. Nikadhani unajikaza tu. Kila kidonge cha maji kilikuwa na maana kwamba Mwanaidi atakushika, atakuvua, atakupangusa. Ukaona bora kivimbe kinachovimba. Mimi ulinipangusa miaka mitatu mizima, hukuniuliza kama naona haya! Ulikuwa na haki gani ya kuninyima zamu yangu?

Nilitaka kuyasema haya siku nyingi. Umenikosea. Nimekusamehe, lakini kwanza ujue umenikosea. Na mimi nimekukosea, kwa maana nilikuuguza kama nesi mwenye haraka, sikukungoja useme kama nilivyomngoja babu wa watu. Sijui kama vile vidonge vingekuongezea siku. Huenda vingekuongezea, huenda visingekuongezea. Moyo wako ulikuwa umechoka sana. Ila nikikaa nikihesabu nitarukwa na akili, kwa hiyo sihesabu.

Lakini hapo ndipo nilipolipata lile neno. Nikakumbuka sauti yako nzito. Ulikuwa na kidonge shavuni, Mama! Nesi wako anageuka kwenda kwenye simu, mgonjwa ana kidonge shavuni, na wewe miaka na miaka ya dirisha lile ikakutoka yenyewe, hata haya ikashindwa kuizuia: Mwana, usiondoke. Ulikuwa unanikamata kwenye kosa langu na kujikamata kwenye lako kwa wakati mmoja. Nikaondoka, ukakitema, ukafunga fundo. Huo ndio wasia wenyewe. Hakuna Maskati ndani yake.

Basi Jumapili iliyopita Mjomba aliitisha kikao. Tulikaa sebuleni kwako, mkeka ule wa ukindu, yeye na mkewe na wazee wawili wa ukoo, Mama mdogo kando ya mlango. Akasema wasia wa maiti hauvunjwi, na nikiondoka niondoke bila radhi ya ukoo. Radhi, Mama. Unajua neno hilo lina uzito gani, mtu anaweza kuishi bila nyumba lakini si bila radhi. Mkoba wangu ulikuwa mapajani, khanga ndani, nimevifunga tena vidonge kama ulivyovifunga. Ningelifungua lile fundo pale mkekani mambo yangekwisha dakika hiyo hiyo. Wote wangeona. Wote wangejua ulisema nini na kwa nini.

Na kesho yake njia panda yote ingejua kwamba Nesi Saada alikuwa akitema dawa. Wengine wangesema alijiua. Unawajua. Wangesema hivyo wale wale waliokunywa uji wa msiba wako.

Nikatoa mkono mkobani mtupu. Nikasema, "Mjomba, ule haukuwa wasia. Nilikuwa nimemtilia Mama dawa mdomoni, simu ikaita, nikageuka niondoke kabla hajameza. Alikuwa ananionya nisiondoke. Ndilo neno alilonifundisha toka mdogo, na wazee wote hapa walioumwa kifua wanalijua. Kosa ni langu." Nikamgeukia Mama mdogo nikamwambia mbele yao wote, "Na habari ya chumvi, nilikusingizia. Haikuwa chumvi. Nisamehe."

Mmoja wa wale wazee, aliyewahi kupanga mstari kwenye dirisha lako, akasema taratibu, "Ni kweli. Saada alikuwa haondoki." Lakini Mjomba hakukubali kushindwa hivi hivi. Akanitazama, akasema, "Kwa hiyo nesi mzima, mwenye leseni, ulimwacha mama yako mzazi na kidonge mdomoni ukakimbilia simu. Kama wako ulimwacha, wa watu huko ndio utawakalia?"

Nilikuwa na jibu mkobani, na hilo nilishaapa silitoi. Nikaukumbatia mkoba, na unajua mimi kumeza neno kunaniuma kuliko sindano. Akainuka, akavaa kofia yake, akasema, "Mimi simo," akaenda zake kupanda basi. Mkewe alibaki nyuma kidogo akanibana mkono. Radhi ya Mjomba sijaipata mpaka leo. Nitamwomba tena kutoka huko huko, na nitamwomba kila Ijumaa mpaka achoke, ila sitakaa hapa kuingoja.

Nilipokwenda jikoni kuosha vikombe, Mama mdogo akanifuata. Akasimama nyuma yangu, akauliza kwa sauti ya chini, "Lile fundo umelifungua, au umeliacha?"

Kumbe alijua! Alikuona siku ya kwanza tu unakitema. Ukamwambia, "Tatu, usimwambie Mwana, nitakufa kwa aibu." Alidhani ni vidonge vya kukojoza tu, havina kazi nyingine, akakufungia lile fundo la kwanza yeye mwenyewe kwa sababu vidole vyako vilikuwa havina nguvu. Na nilipomwita muuaji mbele ya matanga, kwa kijiko cha chumvi, akaenda kupepeta mchele. Alinyamaza siku arobaini na zaidi kwa ajili yako. Nilitaka kumpiga, Mama. Nilimkumbatia tukaanguka wote juu ya gunia la mkaa, tukalia, tukachafuka, tukaanza kucheka. Mlinificha nyie wawili kama watoto walioiba sukari. Sasa namwelewa kwa nini anagonga masufuria. Amepigwa na simanzi za watu wawili kwa mpigo, na keshokutwa atabaki na kuku.

Simwachi hivi hivi lakini. Vidonda vya uani nimemfundisha, maji ya chumvi na kitambaa safi, na akiona kidonda kimeingia weusi ampeleke mtu zahanati bila mjadala. Mzee Pazi anasema mkono wake mwepesi kuliko wangu. Kuna watu wanaoniambia, utawaachaje wa kwenu uende kuuguza wa watu? Nawajibu, mwaka na nusu nimewauguza wa kwetu na bado nipo tayari, siku milango ya ajira itakapofunguka nitaingia mbio. Ila sitakaa mlangoni na elimu yangu mkononi mpaka ichache. Huko nakwenda kujifunza moyo. Wa kwako ulinishinda. Mkataba ni miaka miwili, na nikirudi nitarudi najua kitu ambacho siku ile nilikuwa sikijui, na mwanamke mwingine wa Msata mwenye miguu kama yako atanikuta.

Leo asubuhi nimekuja kaburini, umenisikia? Nimeng'oa magugu, nimesoma Yasin, nimekwambia kwaheri kwa mdomo. Niliporudi nimekwenda chooni na vile vidonge. Dawa ya marehemu haiwekwi ndani, ulisema wewe. Nimevidumbukiza kimoja kimoja, vyote tisa, kule kule ulikokataa kupelekwa. Nimecheka, halafu nimekuombea. Khanga nimeifua, nimeifunga fundo lake pale pale pindoni, halina kitu ndani, na inakwenda na mimi. Mwenzake, ile pisi ya pili ya doti, amebaki nayo Mama mdogo. Na huku moyoni halijabaki fundo la mtu, si lako wala la Mjomba.

Sasa swali la Mjomba. Yeye sikumjibu. Nakujibu wewe.

Maneno yale matatu nimeshajifunza kwa Kiarabu, nayasema vizuri, lafudhi ya Msata haijatoka na sitaitoa: fungua, inua ulimi, sema aaa. Nikimkuta mtu ameficha kidonge, sitamgombeza. Nitavuta pazia kwanza, nitamuuliza anamwonea haya nani. Halafu nitakaa pale. Simu na iite mpaka ichoke, awe anapiga mkubwa wa kazi, awe anapiga Mjomba ananipa radhi, nitasubiri nione koo limeteremka.

Kwaheri, Mama. Nesi wangu wa uongo uliyenifunza unesi wa kweli. Huko ulipo natumai hakuna wa kumwonea haya.

Naondoka. Ila kitandani kwa mgonjwa, wallahi, siondoki.

Mwanao,
Mwanaidi